Chokaa Ndani ya Ateri: Kalsiamu ya Chakula, Kalsiamu ya Seli na Kuziba kwa Mishipa ya Moyo

Utangulizi

Katika masoko ya Kasulu, dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika huuzwa kwa kopo na huliwa wazima, pamoja na mifupa yao. Kwa kaya nyingi za nyanda za juu za Kigoma, dagaa hao, wakiongezewa maharage na mboga za majani, ni chanzo muhimu cha kalsiamu, ambayo wengi huiita madini ya chokaa. Madini hayohayo hutajwa pia katika habari za ugonjwa wa moyo. Husemwa kwamba ateri za mgonjwa fulani zimejaa chokaa, na kwamba mgonjwa mwingine wa shinikizo la damu amepewa dawa ya kuzuia kalsiamu. Anayezisikia habari hizi mbili kwa pamoja huweza kufikia hitimisho linaloonekana kuwa la busara: kalsiamu inayoliwa ndiyo inayoziba mishipa, kwa hiyo anayetaka kuulinda moyo wake aache dagaa na maziwa.

Hitimisho hilo si sahihi, na madhara yake si madogo. Huweza kumfanya mgonjwa aache dawa inayomkinga na kiharusi, huweza kumnyima mama mjamzito madini anayoyahitaji, na huweza kuigeuza mizani ya kinga ielekee kwenye sahani ya dagaa badala ya kuelekea kwenye shinikizo la damu, tumbaku na kisukari. Makala haya yanaeleza kalsiamu hufanya kazi gani ndani ya seli za mishipa, ateri huziba kwa njia gani, chokaa iliyo katika ukuta wa ateri hutoka wapi, na maarifa hayo yana maana gani kwa mgonjwa na mtoa huduma aliye mbali na hospitali kubwa za moyo.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo na haumhusu mtu yeyote halisi. Mzee wa miaka 58, mkulima wa maharage katika kijiji kimoja wilayani Kasulu, anapimwa na kukutwa na shinikizo la damu la 172/104. Kipimo kinarudiwa siku nyingine na bado kiko juu. Anapewa amlodipini miligramu 5 kila siku. Baada ya miezi miwili, kipimo kinashuka hadi 138/86. Wakati huohuo vifundo vya miguu yake vinaanza kuvimba kila jioni, na jirani anamwambia kwamba dawa hiyo huzuia kalsiamu, hivyo itailegeza mifupa yake. Mzee anaacha dawa. Kwa kuwa amesikia pia habari ya chokaa katika mishipa, anaacha dagaa na maziwa, akiamini kwamba amejikinga kwa njia ya chakula.

Miezi minne baadaye, akiwa shambani asubuhi, anahisi kifua kimebanwa kana kwamba kimefungwa kamba. Maumivu yanapanda hadi kwenye taya na kushuka katika mkono wa kushoto, na jasho la baridi linamtoka. Nyumbani wanadhani ni vidonda vya tumbo. Anapewa dawa ya tumbo na kulazwa chini apumzike. Anafikishwa kituo cha afya jioni.

Hakuna aliyefanya uzembe katika mfano huu. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake. Kasoro ilikuwa katika maarifa yaliyotumika kuamua, na maarifa hayo ndiyo yanayofafanuliwa katika sehemu zinazofuata.

Kalsiamu mwilini: ghala na walinzi wake

Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya kalsiamu. Asilimia 99 ya kiasi hicho imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo inayobaki imo katika damu, katika majimaji ya mwili na ndani ya seli, nayo ndiyo inayoendesha shughuli nyingi za uhai: mapigo ya moyo, kukaza kwa misuli, kuganda kwa damu, kutolewa kwa homoni na mawasiliano ya neva.

Kiwango cha kalsiamu katika damu hakiachwi kipande na kushuka kufuatana na mlo wa siku. Hulindwa kati ya takriban milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita. Walinzi wakuu ni tezi nne ndogo za parathairoidi zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi. Kalsiamu ya damu ikipungua kidogo tu, tezi hizo hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka katika mifupa, inayoziamuru figo zisiipoteze katika mkojo, na inayoamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi kutoka katika chakula. Kalsiamu ikizidi, homoni hiyo hupungua, utumbo hufyonza kidogo na figo huitoa ziada.

Kwa sababu hiyo, mtu mwenye figo na tezi zenye afya akila sahani ya dagaa haachi damu yake ikiwa imejaa chokaa. Kinyume chake pia ni kweli: akiacha dagaa, damu yake haipungukiwi ili mishipa isafishike. Kiwango cha damu kitalindwa vilevile, na gharama italipwa na mifupa.

Ishara inayodumu kwa kitambo kidogo

Mwaka 1883 daktari Mwingereza Sydney Ringer alieleza jambo lililokuwa limempotosha katika majaribio yake ya London. Moyo wa chura uliotolewa mwilini ulikuwa ukiendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi, naye alidhani kwamba maji hayo yalitayarishwa kwa maji yaliyokenekwa. Kumbe yalikuwa maji ya bomba la mji, yenye kalsiamu ndani yake. Alipotumia maji yaliyokenekwa kwa kweli, moyo ulidhoofika na kusimama. Alipoongeza kalsiamu kidogo, ulirudia kupiga. Dripu ya Ringer lakteti inayotundikwa leo katika vituo vya afya ina kalsiamu ndani yake, na hubeba jina la daktari huyo.

Karne iliyofuata ilionesha sababu. Seli iliyotulia huweka kiasi kidogo mno cha kalsiamu huru ndani yake. Nje ya seli, kalsiamu ni nyingi kwa takriban mara 10,000. Seli inafanana na bonde lililo chini ya bwawa. Lango likifunguliwa kwa kufumba na kufumbua, maji huingia kwa kasi. Kisha lango hufungwa na pampu huyarudisha yalikotoka. Ongezeko hilo la ghafla ndilo ishara. Kalsiamu huingia kupitia milango maalumu iliyo katika utando wa seli, au hufunguliwa kutoka katika maghala yaliyo ndani ya seli yenyewe. Mwaka 1983 Michael Berridge na wenzake walionesha kwamba molekuli ndogo iitwayo inositoli trifosfati ndiyo inayobeba amri ya kufungua maghala hayo.

Katika ukuta wa ateri, ishara hii hufanya kazi katika aina tatu za seli zinazohusika moja kwa moja na kuziba kwa mishipa.

Aina ya kwanza ni seli za misuli laini, zinazouzunguka mshipa kama pete. Kalsiamu ikiingia, hujishikiza kwenye protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya kinachoifanya misuli ikaze. Mshipa hupungua upana na shinikizo la damu hupanda.

Aina ya pili ni seli za endothelia, zulia jembamba linalotandika upande wa ndani wa mshipa, unaogusana na damu. Humo pia kalsiamu hushikana na kalmodulini, lakini kimeng'enya kinachoamshwa ni kingine: hutengeneza gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo hupenya hadi kwenye misuli iliyo jirani na kuilegeza. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionesha kwamba mshipa uliokwanguliwa zulia hilo hushindwa kulegea unapopewa kemikali ya asetilikolini. Kazi iliyofuata kuhusu oksidi ya nitriki ilimpatia Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Aina ya tatu ni chembe sahani za damu. Mshipa ukichanika, kalsiamu hupanda ndani ya chembe hizo. Hubadili umbo, hutoa kemikali za kuita nyingine, na hushikamana hadi kuziba jeraha.

Jambo la kuzingatia ni hili: ishara ileile hukaza seli moja na, katika seli ya jirani, huanzisha kazi ya kulegeza. Kwa hiyo swali la kwamba kalsiamu ni nzuri au mbaya kwa moyo halina jibu. Maswali yenye jibu ni mawili: iko wapi, na kwa muda gani.

Jinsi ateri inavyoziba

Wengi huiwazia ateri kama bomba la maji ambalo uchafu hutuama ndani yake hadi likaziba. Picha hiyo hupotosha. Ugonjwa hauanzi katika njia ya damu bali ndani ya ukuta.

Shinikizo kubwa la damu, moshi wa tumbaku, sukari iliyozidi katika damu na lehemu nyingi ya aina ya LDL hujeruhi zulia la endothelia. Zulia lililojeruhiwa hutengeneza oksidi ya nitriki kidogo, na huruhusu chembe za LDL kupenya na kunasa ukutani. Huko hubadilika kikemia, na mwili huzitambua kama kitu kigeni. Seli walaji, ziitwazo makrofaji, huingia na kuzimeza hadi zenyewe zinajaa mafuta. Seli za misuli laini nazo huacha mahali pake, huhamia kwenye uvimbe huo na kujenga juu yake kifuniko cha kovu. Uvimbe wa mafuta, seli zilizokufa na kovu huitwa plaki.

Plaki huweza kukua kwa miaka mingi bila dalili yoyote. Mwanzoni ateri hujitanua kuelekea nje, na njia ya damu hubaki wazi. Hatari kubwa hutokea pale kifuniko chembamba kinapopasuka. Damu hugusana na mafuta yaliyokuwa yamefichika, chembe sahani hupokea ishara ya kalsiamu, na ndani ya dakika chache bonge la damu huziba mshipa. Misuli ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa isipofikiwa na damu ndani ya nusu saa hivi, na kifo hicho huenea kwa saa kadhaa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Likitokea katika ateri ya ubongo, huwa kiharusi.

Chokaa hutoka wapi?

Chokaa huingia katika historia hii ikiwa imechelewa, nayo haitoki sahani moja kwa moja. Birika la kuchemshia maji huota ukoko mweupe kwa sababu madini yaliyomo majini hutuama yenyewe. Ateri haifanyi hivyo. Tangu karne ya 19, Rudolf Virchow alitambua kwamba baadhi ya ateri zilizougua zilikuwa na tishu inayofanana na mfupa halisi. Mwaka 1993 watafiti wa Los Angeles walikuta katika plaki za binadamu protini ambayo kwa kawaida huamuru ujenzi wa mfupa.

Leo inajulikana kwamba seli za misuli laini, zikikaa muda mrefu katika mazingira ya majeraha na mafuta, huweza kubadili kazi. Huacha polepole protini za kukaza mshipa na kuanza kutumia programu ya seli zinazojenga mfupa. Hutoa vifuko vidogo vyenye kalsiamu na fosfati, na ndani ya vifuko hivyo fuwele za kwanza hujengeka. Seli zinazokufa katika plaki nazo huacha mabaki ambayo fuwele hushikilia. Kwa maneno mengine, fundi wa misuli amegeuka fundi wa mfupa.

Mwili una breki dhidi ya jambo hilo. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya panya walioondolewa jeni la protini moja tu inayozuia chokaa kujijenga katika ukuta wa mishipa. Panya hao walikufa ndani ya miezi miwili, ateri zao zikiwa zimekuwa ngumu na kupasuka. Kilichowaua hakikuwa mlo wenye kalsiamu nyingi, bali breki iliyokosekana.

Kundi moja lahitaji tahadhari ya pekee, nalo ni wagonjwa wa figo zilizoshindwa. Kwao fosfati hulundikana katika damu, udhibiti wa kalsiamu huvurugika na ateri huota chokaa mapema. Hao wafuate ushauri wa mlo na dawa wanaopewa kliniki. Vilevile vidonge vya kalsiamu vya dozi kubwa visimezwe bila ushauri, kwa kuwa kidonge si sawa na chakula.

Chokaa ni alama ya ugonjwa uliokwisha kuwapo muda mrefu. Mashine ya CT huweza kuihesabu, na utaratibu wa kuipa alama ulichapishwa na Arthur Agatston na wenzake mwaka 1990. Alama kubwa humaanisha plaki nyingi na hatari kubwa. Hata hivyo, plaki iliyogeuka chokaa ngumu kabisa mara nyingi ni tulivu kuliko plaki laini yenye kifuniko chembamba. Dawa za statini, zinazopunguza mashambulio ya moyo, huweza hata kuongeza chokaa kidogo kadiri plaki laini zinavyopona na kuwa ngumu. Lengo la tiba, basi, ni kuzuia jeraha. Chokaa ni kovu lake.

Ushahidi kutoka kwa jamii mbili

Kama kalsiamu ya chakula ingekuwa ndiyo inayoziba ateri, wanywaji wakubwa wa maziwa wangekuwa wa kwanza kuumia. George Mann na wenzake waliwachunguza Wamaasai wa Tanganyika, ambao mlo wao wa jadi ulitegemea sana maziwa, na mwaka 1964 walitoa taarifa kwamba dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno. Mwaka 1972 Mann, akishirikiana na Anne Spoerry, daktari aliyefahamika Kenya kwa huduma ya ndege, na watafiti wengine, alichapisha uchunguzi wa mioyo na aota za wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Matokeo yalikuwa na pande mbili. Mafuta na makovu yalikuwapo katika kuta za ateri, tena kwa wingi. Lakini ateri zao zilikuwa zimetanuka kadiri umri ulivyosonga, kiasi kwamba njia ya damu haikuziba. Watafiti walihisi kwamba mwendo na kazi za mwili vilichangia upana huo.

Funzo la uchunguzi huo si kwamba maziwa ni dawa, wala kwamba mafuta hayadhuru. Ni kwamba ateri ni kiungo hai kinachojibu maisha ya mwenye nayo.

Ushahidi wa pili watoka Bolivia. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya Watsimane, jamii ya wakulima, wawindaji na wavuvi wa msituni. Kati ya watu wazima 705 waliopigwa picha za CT, asilimia 85 hawakuwa na chokaa yoyote katika ateri za moyo, ingawa miongoni mwao walikuwamo wazee sana. Walitembea na kufanya kazi kwa saa nyingi, shinikizo lao la damu na lehemu ya LDL vilikuwa chini, na wavutaji wa sigara walikuwa wachache.

Mkulima wa Kasulu anayelima kwa jembe ana sehemu ya kinga hiyo. Hatari huja pale jembe linapoachwa na chumvi, sigara, vinywaji vyenye sukari na safari za pikipiki vikachukua nafasi yake.

Dawa zinazogusa ishara ya kalsiamu

Amlodipini na nifedipini hukaa kwenye milango ya kalsiamu ya seli za misuli laini na kupunguza kufunguka kwake. Misuli hulegea, mshipa hupanuka na shinikizo hushuka. Dawa hizi haziondoi kalsiamu katika mifupa, hazishushi kiwango chake katika damu, na hazimlazimu mgonjwa kubadili mlo wake wa dagaa au maziwa. Hazikwangui chokaa iliyokwisha kujengeka.

Kwa wagonjwa wa Kiafrika zina nafasi ya pekee. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, ulionesha kwamba michanganyiko ya dawa mbili yenye amlodipini ilishusha shinikizo vizuri zaidi kuliko mchanganyiko wa perindopili na haidroklorothiazidi usiokuwa nayo.

Kuvimba kwa vifundo vya miguu ni athari inayojulikana ya amlodipini. Hutokana na kupanuka kwa mishipa midogo na majimaji kuvuja kwenye tishu. Yafaa mgonjwa achunguzwe ili kuhakikisha kwamba si dalili ya moyo au figo kushindwa. Kisha dozi hupunguzwa, au dawa nyingine huongezwa au kubadilishwa. Kuacha dawa kimyakimya ndilo jambo la kuepukwa, kwa sababu shinikizo hurudi juu bila kutoa dalili.

Kwa hiyo lugha ya mtoa huduma ina uzito. Anayemwambia mgonjwa kwamba hii ni dawa ya kuzuia kalsiamu amesema neno la kitabuni, lakini amepanda hofu. Anayemwambia, "Mzee wangu, hii ni dawa ya kulegeza mishipa, endelea na dagaa zako, na miguu ikivimba njoo tuizungumze," amesema kweli ileile kwa namna inayomlinda. Jambo hili lina umuhimu zaidi katika eneo ambalo Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo husikika katika foleni moja ya wagonjwa, kama ilivyo katika vituo vinavyohudumia watu wa vijiji na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu.

Aspirini nayo hugusa ishara hiyohiyo kwa njia nyingine. Huzuia chembe sahani kutengeneza thromboksani, kemikali inayopandisha kalsiamu katika chembe za jirani na kuziita kwenye bonge. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, ulionesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika majuma matano. Streptokinesi, dawa ya kuyeyusha bonge, kwa asilimia 25. Na zote mbili kwa pamoja kwa asilimia 42.

Dalili zinapotokea mbali na hospitali kubwa

Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, ambako ateri ya moyo iliyoziba huweza kufunguliwa kwa mrija. Kutoka Kasulu hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000. Misuli ya moyo haisubiri safari hiyo. Matumaini ya mgonjwa hutegemea kwanza mambo yanayofanyika karibu naye.

La kwanza ni kutambua. Maumivu ya kubana katikati ya kifua yanayodumu zaidi ya dakika 15 hadi 20, hasa yakienda taya, shingo au mkono na kuambatana na jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, yachukuliwe kuwa ya moyo hadi ithibitike vinginevyo. Wanawake, wazee na wagonjwa wa kisukari huweza kukosa maumivu makali na kuonesha tu uchovu wa ghafla, kichefuchefu au pumzi kukatika. Dhana kwamba ugonjwa huu si wa Waafrika imepitwa na wakati. Katika utafiti uliofanywa idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC, Moshi, zaidi ya mmoja kati ya kila watu wazima watano waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi alikutwa na shambulio la moyo pale vipimo vilipofanywa kwa utaratibu.

La pili ni kutopoteza saa. Mgonjwa aketi, asitembezwe, na usafiri utafutwe mara moja. Dawa ya tumbo isiwe kipimo cha kusubiria.

La tatu ni la mtoa huduma. Kipimo cha umeme wa moyo, kinapopatikana, kifanywe ndani ya dakika 10. Aspirini miligramu 300 itafunwe, isipokuwa mgonjwa ana mzio nayo, anatokwa damu, au ana dalili za kiharusi au za kupasuka kwa aota. Oksijeni hutolewa kwa yule ambaye kiwango chake katika damu kimeshuka chini ya asilimia 90. Kipimo kikionesha mshipa ulioziba kabisa na dawa ya kuyeyusha bonge ikiwapo, hutolewa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, na faida yake ni kubwa zaidi katika saa za mwanzo. Rufaa huandaliwa huku tiba ikiendelea.

Mzee wa mfano wa kufundishia alipitwa na sehemu kubwa ya saa hizo akiwa amelazwa nyumbani. Aspirini aliyoihitaji hupatikana katika maduka ya dawa ya kawaida.

Ushauri wa kila siku

Dagaa, maziwa, maharage na mboga za majani ziendelee kuliwa. Kwa mama mjamzito anayeishi mahali ambapo mlo una kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani hushauri gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku, kwa mpango wa kliniki, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Mama huyo asiogope kwamba vidonge hivyo vitaziba mishipa yake.

Chumvi, hata ile ya Uvinza inayotoka mkoani humuhumu, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Dagaa waliotiwa chumvi walowekwe na kuoshwa kabla ya kupikwa. Kinachopunguzwa ni chumvi, si dagaa. Mawese mekundu yana viambato ambavyo mwili huvigeuza vitamini A, jambo lenye faida hasa kwa watoto. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha LDL, hivyo yatumike kwa kiasi. Tumbaku iachwe kabisa. Shinikizo la damu lipimwe angalau mara moja kwa mwaka kwa kila mtu mzima, na sukari kwa aliye katika hatari. Mashine ya kupimia shinikizo inayofanya kazi, ikiwa mkononi mwa mhudumu aliyefunzwa, ni kinga kubwa kuliko picha yoyote ya chokaa.

Hitimisho

Kalsiamu ya chakula hujenga mifupa. Kalsiamu ya seli ni ishara inayodumu kwa kitambo kidogo. Chokaa ya ateri ni kovu linalojengwa na seli zilizojeruhiwa kwa miaka. Kuzichanganya tatu hizi humpotezea mgonjwa chakula bora na dawa, huku jeraha lenyewe likiendelea bila kizuizi. Anayetaka kuzilinda ateri zake ashughulikie shinikizo, tumbaku, sukari na lehemu, na asiache dawa kabla ya kuonana na aliyemwandikia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuacha dagaa hakupunguzi chokaa katika ukuta wa ateri?
2. Eleza jinsi ishara moja ya kalsiamu inavyoweza kukaza mshipa na pia kuanzisha kulegea kwake.
3. Mgonjwa anasema amlodipini inampunguzia kalsiamu ya mifupa na imemvimbisha miguu. Utamjibu nini, na utamchunguza kwa lipi?
4. Uchunguzi wa Wamaasai uliochapishwa mwaka 1972 ulionesha mafuta mengi katika kuta za ateri lakini njia ya damu ikiwa wazi. Hilo linafundisha nini kuhusu picha ya ateri kama bomba?
5. Taja mambo matatu yanayoweza kufanyika katika saa ya kwanza ya shambulio la moyo katika kituo kilicho mbali na hospitali ya rufaa.